Mhariri, tunaomba silabasi ya usaili wa walimu iwekwe hadharani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua ni ndefu ila ukiikata sana haitaeleweka, kwa hiyo naomba univumilie. Nataka kuongelea usaili wa walimu, hasa ule mtihani wa maandishi, na jinsi sisi wahitimu wa ualimu huku Masasi tunavyojiandaa nao. Ombi langu ni moja tu, wanaotunga huo mtihani watuwekee silabasi yake hadharani, yani mada zipi zinaulizwa, maswali mangapi, muda gani, alama ngapi ndo umefaulu, na pepa zilizopita zitolewe pamoja na majibu yake. India wanawafanyia hivyo walimu wao na nitaeleza kwa kirefu, manake pepa zao tumezisoma na bado tunazisoma.

Kwanza kwa wasiojua hali ilivyo. Zamani ukimaliza ualimu unaomba ajira, unasubiri majina yatoke, unapangiwa kituo unaenda. Siku hizi ni usaili, unaomba mtandaoni, ukiitwa unaenda mkoani kufanya mtihani wa maandishi, ukipita unaitwa kwenye mahojiano, ndo baadaye majina. Mimi usaili siupingi hata kidogo. Mtoto wa darasa la kwanza kule Chiungutwa au Lulindi ana haki ya kupata mwalimu ambaye kuna mtu amempima akaona kweli huyu anaweza kufundisha. Ila tangazo la kuitwa linakuambia tarehe, saa na ukumbi, linakuambia ubebe vyeti halisi na kitambulisho, linakuambia nauli, chakula na malazi ni juu yako mwenyewe, yote hayo yako wazi kabisa, sasa ukija kwenye utaulizwa nini hapo kila mtu anabaki na lake. Mmoja anakuambia someni saikolojia ya elimu, mwingine anasema hapana wanauliza mambo ya utumishi wa umma, wa tatu ameambiwa na shemeji yake wa Dar kwamba ni somo lako tu ulilosomea, basi mnakesha mnasoma kila kitu na mwisho hakuna mlichokishika.

Na watu wenyewe ndo hawa wako mtaani miaka mingi. Mwenye digrii ya hesabu anaendesha bodaboda stendi ya Masasi, mwenye diploma msimu wa korosho unamkuta ghalani ni karani wa kupima, msimu ukiisha anarudi kupalilia. Wengine wanajitolea shule za msingi kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi. Mtu kama huyo muda wa kusoma anao saa mbili usiku tena amechoka, umeme ukiwepo. Ukimwambia soma kila kitu ulichofundishwa chuoni ni sawa na hujamwambia kitu. Ukimwambia mada ni hizi tano, atazisoma zote tano mpaka zimkae.

Sasa India. Kule walipitisha sheria 2009 ya haki ya mtoto kupata elimu bure na ya lazima, kuanzia miaka 6 mpaka 14, ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2010. Sheria hiyo ikasema serikali iteue chombo kitakachoweka sifa za chini za mtu kuwa mwalimu, chombo hicho ni baraza lao la taifa la elimu ya ualimu linaloitwa NCTE, na Agosti 2010 baraza likatangaza kwamba kufundisha darasa la kwanza mpaka la nane lazima uwe na cheti cha ualimu na pia ufaulu mtihani wa kustahili kuwa mwalimu. Kwa kifupi wanauita TET (sio hii Taasisi yetu ya Elimu Tanzania, ambayo nayo kifupi chake ni TET). Februari 2011 wakatoa mwongozo wa namna mtihani utakavyokuwa. Kuna wa taifa, CTET, unaoendeshwa na bodi ya mitihani ya CBSE, na kila jimbo linaweza kuwa na wa kwake, Uttar Pradesh wana wao, Tamil Nadu wana wao, Kerala, Haryana, Rajasthan na kadhalika, lugha zinatofautiana lakini mifupa ya mtihani ni ile ile iliyowekwa na mwongozo wa 2011.

Naomba niieleze hiyo mifupa taratibu kwa sababu ndo kiini cha barua yangu. Pepa ni mbili. Ya kwanza ni ya anayetaka kufundisha darasa la kwanza mpaka la tano, ya pili ni ya darasa la sita mpaka la nane, anayetaka kote anafanya zote mbili. Kila pepa ina maswali 150 ya kuchagua jibu moja kati ya manne, muda ni saa mbili na nusu yani dakika 150, kwa hiyo kila swali lina dakika yake moja. Swali moja alama moja, na ukikosea hukatwi. Kwenye pepa ya kwanza maswali 30 ni makuzi ya mtoto na ufundishaji, 30 lugha ya kwanza, 30 lugha ya pili, 30 hesabu, 30 mazingira. Pepa ya pili makuzi na lugha zinabaki vile vile, halafu 60 zinazobaki unachagua mwenyewe kulingana na unachofundisha, hesabu na sayansi au maarifa ya jamii. Kufaulu ni asilimia 60, yani 90 kati ya 150, na majimbo yameruhusiwa kushusha kidogo kwa watu wa makundi yaliyobaguliwa tangu zamani na kwa wenye ulemavu.

Silabasi ya CTET inaingia ndani zaidi. Zile 30 za makuzi ya mtoto zimegawanywa, 15 ni za makuzi yenyewe, 5 za elimu jumuishi, wale watoto wenye mahitaji maalumu, na 10 za namna mtoto anavyojifunza na unavyomfundisha. Hesabu nayo ya pepa ya kwanza ni nusu kwa nusu, 15 ni kujua hesabu na 15 ni kujua kuifundisha. Tena wanakuambia maswali yatatoka kwenye mada za madarasa utakayofundisha ila ugumu unaweza kupanda mpaka wa sekondari. Mtu akiwa kijijini kabisa kule Bihar akisoma hizo karatasi chache anajua kesho asubuhi aanze na kitabu gani.

Kuna jambo lingine ambalo mimi ndo lilinigusa zaidi. Mtihani wa CTET ukishafanyika bodi inatoa majibu ya awali hadharani, na mtahiniwa akiona jibu lililotolewa na watunzi lina makosa anaruhusiwa kuweka pingamizi, analipia ada kwa kila swali analolipinga, akionekana ana haki hela yake inarudishwa na majibu yanarekebishwa kabla ya matokeo. Mwalimu anabishana na watunzi wa mtihani kwa hoja na wanamsikiliza! Na zile pepa zinabaki mtandaoni, anayekuja mwaka unaofuata anazikuta.

Ndo tulipozipata sisi. Tuna grupu letu hapa Masasi la wahitimu, wa cheti, wa diploma na wa digrii wote tumechanganyika, tunakutana kwenye baraza ya nyumba ya mwenzetu mmoja jioni. Mwenzetu wa digrii alishusha pasti pepa za CTET, zimeandikwa Kihindi upande mmoja na Kiingereza upande mwingine, tukachangishana tukazipiga chapa steshenari, zile sehemu za lugha na mambo ya India yenyewe tukaziweka pembeni tukabaki na makuzi ya mtoto na ufundishaji wa hesabu. Ukizisoma unashangaa, ni yale yale tuliyofundishwa vyuoni kwetu, wale wataalamu wa makuzi ya mtoto, Piaget, Vygotsky, Kohlberg, tofauti wao hawakuulizi Piaget ni nani au alizaliwa lini. Wanakupa mtoto yuko darasani amefanya jambo fulani, wanakuuliza wewe mwalimu utafanyaje, au mtoto huyu yuko hatua gani. Usipoelewa huchomoki, maana majibu yote manne yanafanana na ukweli.

Tukaanza kutunga ya kwetu kwa mtindo huo. Siku moja tulikuwa tunabishana ile habari ya Piaget ya maji, kwamba mtoto wa miaka miwili mpaka saba ukimimina maji yale yale kutoka chombo kipana kwenda chembamba ataona yameongezeka kwa sababu yamepanda juu. Mmoja akasema hiyo ni ya watoto wa Ulaya tu. Pale barazani alikuwepo mjukuu wa mwenye nyumba, ana miaka mitano, tukachukua bakuli mbili za plastiki zinazolingana tukaweka maji sawasawa, akakubali mwenyewe kuwa ni sawa, halafu bakuli moja tukaimiminia kwenye chupa ya maji ya kunywa mbele ya macho yake. Tukamuuliza yapi mengi. Akaonyesha chupa bila kufikiri. Tukarudisha kwenye bakuli, akasema sawa, tukamimina tena kwenye chupa, akaonyesha chupa! Bibi yake alikuwa pembeni anabangua korosho akasema, "Wanangu mbona mnahangaika, huyo hata uji ukimwekea kwenye bakuli pana analia anasema kidogo, mwekee kwenye kikombe kirefu ananyamaza."

Tulicheka lakini kuanzia hapo hakuna aliyeisahau ile mada. Na mazungumzo yakaenda mbali zaidi ya mtihani, tukaanza kuulizana sasa mtoto kama huyu akija darasa la kwanza unamwandikia ubaoni 3 + 2 = 5 unategemea ataona nini, si lazima ashike vizibo au mbegu za korosho mkononi kwanza, azipange, azitenganishe, azirudishe, aone bado ni tano. Dada mmoja anayejitolea shule ya msingi akasema yeye darasani ana watoto wengi hawezi kumpa kila mmoja vizibo, tukakaa tukapanga namna ya kuwaweka kwenye makundi mpaka giza likaingia. Mhariri, hayo yote yametokana na pasti pepa ya nchi nyingine. Mtihani ukitungwa vizuri na ukawekwa wazi, kujiandaa nao kunamfanya mtu awe mwalimu bora hata kama hiyo ajira ataikosa, na mimi naamini hilo kabisa kwa sababu naliona kwa wenzangu.

Sasa linganisha na kujiandaa gizani kunavyozaa. Kwenye magrupu ya WhatsApp kuna watu wanauza PDF zimeandikwa maswali yatakayotoka, unatumiwa namba unalipa kwa simu unapewa kurasa za mambo yaliyookotwa huku na kule, mengine yana makosa mpaka mtu wa kidato cha pili anayaona. Na watu wananunua, tena wasio na kitu ndo wanaonunua sana, kwa sababu mtu amekaa miaka bila ajira akiambiwa huu ndo ufunguo ataacha vipi? Mimi siwalaumu wanaonunua. Nasema silabasi ikitoka bure kwenye tovuti inayojulikana, hiyo biashara inakosa cha kuuza.

Najua kuna atakayesema India nako kuna wizi wa mitihani. Ni kweli, na sitaki kuficha. Tarehe 28 Novemba 2021 mtihani wa jimbo la Uttar Pradesh ulifutwa siku hiyo hiyo kwa sababu pepa ilivuja na kusambaa kwenye WhatsApp, watu wamesafiri, wamefika vituoni, wanaambiwa rudini, ukarudiwa Januari 23, 2022. Rajasthan nao mtihani wao wa Septemba 2021 sehemu moja ilikuja kufutwa baadaye kwa kuvuja. Hiyo ni kazi ya ulinzi na polisi. Ila pepa kuvuja na silabasi kuwa wazi ni vitu viwili mbalimbali kabisa, silabasi hata uibandike kwenye mwembe wa sokoni haimwambii mtu swali la kesho, inamwambia tu asome wapi.

Na atakuwepo wa kusema kule kuna vituo vya kuwanoa watahiniwa vya kulipia, mwenye hela ndo anapita. Vituo vipo vingi kweli. Lakini vitabu vya kiada vya NCERT, taasisi yao ya taifa inayoandaa vitabu vya shule, vinapatikana bure mtandaoni, na pepa za CTET zilizopita ni bure, kwa hiyo asiye na hela ana pa kuanzia. Sisi pia tuna pa kuanzia, Taasisi ya Elimu ina maktaba yake ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada vya shule, ukiwa na bando na simu unavisoma. Kinachokosekana ni mtu wa kutuambia kwenye hivyo vitabu mtihani unaangalia nini.

Nirudi kidogo kwa India nisije nikaonekana napamba. Kufaulu TET sio ajira. Ni kibali cha kuomba ajira, kuna watu wana cheti cha TET na wako mtaani kama sisi, nafasi zikitangazwa ndo wanashindanishwa tena. Lakini kile cheti ni chako. Mwanzo kilikuwa kinadumu miaka isiyozidi saba, Juni 2021 serikali yao ikatangaza kuanzia sasa ni cha maisha, na ikakihesabu hivyo kurudi nyuma mpaka 2011. Na anayetaka kuongeza alama anaruhusiwa kurudia. Kwetu hapa ningefurahi sana alama ya mtu ya mtihani wa maandishi itunzwe kwa miaka kadhaa inayotajwa wazi. Fikiria mtu anatoka Liwale kwenda Lindi mjini wakati wa mvua, barabara ni tope, au anatoka Mangaka kwenda Mtwara, ukitokea hapa kwetu Masasi tu ni karibu kilomita 200, analala kwa ndugu au gesti, anafaulu ila nafasi zinajaa kabla hajafikiwa. Awamu ijayo huyu kwa nini aanze sifuri?

Halafu wenzangu mliopo kazini msidhani haya hayawahusu. Septemba 1, 2025 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba hata walimu ambao tayari wako kazini, kama wamebakiza zaidi ya miaka mitano kustaafu, lazima wafaulu TET ndani ya miaka miwili, la sivyo wanaondoka. Waliobakiza chini ya miaka mitano wameachwa wamalizie ila bila TET hawapandi cheo. Kule kuna walimu wa miaka 50 na zaidi wameanza kusoma upya. Mimi kwa hilo nawaonea huruma, mtu amefundisha miaka ishirini unamwambia ajaze vishimo kwenye karatasi, lakini angalau wao wanajua wasome nini.

Kwa wenzangu wa Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa na kwingine mnaosoma hii, wakati tunasubiri msikae. Tafuteni hizo pasti pepa za CTET, zile za makuzi ya mtoto na ufundishaji, hata kama mtihani wetu hautakuwa hivyo zitakunoa. Someni na vitabu vya kiada vya darasa unalotaka kufundisha, wengi wetu tunavidharau tunakimbilia vitabu vya chuo, ukimpa mwenye digrii aeleze kwa nini kugawanya kwa sehemu unageuza ya pili anababaika. Fanyeni mkiwa mmeweka saa kwenye simu, dakika moja kwa swali, maana kujua jibu ukiwa umekaa na chai ni tofauti na kulijua mtu anakusimamia. Na kutaneni, hata mkiwa wawili watatu, anayejua hesabu amfundishe wa lugha, kumweleza mwenzio ndo kunakuonyesha ulipopotea.

Mwisho ni kwako Mhariri. Gazeti lako linafika Masasi na basi la kutoka Dar, linasomwa kwenye vibanda, linapita mikono mingi mpaka jioni. Tunaomba utupe kisehemu kidogo mara moja kwa wiki, maswali kumi ya ualimu ya kuchagua na majibu yake wiki inayofuata, pamoja na maelezo kwa nini jibu ni hilo, na msomaji akiona tumekosea aandike apinge. Maswali tutayatunga sisi bure, tayari tunayo daftari zima, na tuko tayari yapitiwe kwanza na wakufunzi wa chuo chochote cha ualimu utakachokichagua wewe. Ukikubali tutakutumia ya wiki ya kwanza mara moja.

Mhitimu wa ualimu,
Masasi, Mtwara